Vita vya Kagera: Nani Aliachiwa Mzigo?



Muhula uliopita, katika darsa letu la akina dada la Ijumaa jioni hapa Nsambya, tulikuwa tunasoma Surat Al-Hujurat. Tulipofika aya ya 9, ile inayoamrisha kuyapatanisha makundi mawili ya waumini yanapopigana, dada mmoja akauliza kama vita vya Amin na Nyerere vinaingia humo. Kabla ustadha hajafungua mdomo, mwingine akadakia: Amin alikuwa mtu wetu, na siku aliyoanguka ndiyo siku tuliyoanguka Waislamu wa Uganda. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nyumbani kwetu, nyuma ya mlango wa chumba cha bibi yangu, ipo cherehani ambayo haikununuliwa.

Cherehani tutaifikia. Kwanza tuvijue vita vyenyewe, maana nimeona wengi wetu tuliozaliwa baada ya mwaka 2000 tunavijua kwa filamu na kwa maneno ya kijiweni.

Mpaka wa Uganda na Tanzania upande wa magharibi wa Ziwa Victoria ulichorwa na wakoloni kwa rula, ukafuata mstari ulionyooka wa digrii moja kusini mwa ikweta. Mto Kagera wenyewe unapita kusini ya mstari huo. Kwa hiyo pana kipande cha ardhi, kilomita za mraba zipatazo 1,800, ambacho ni cha Tanzania lakini mto umekitenga na nchi yake. Daraja la Kyaka ndilo lililokiunganisha. Amin, aliyechukua madaraka tarehe 25 Januari 1971, alipenda kusema kwamba mpaka wa haki ni mto. Nyerere naye alimpa hifadhi Obote aliyepinduliwa, na Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kwa silaha kutokea Tanzania wakashindwa. Mwezi uliofuata serikali mbili zikatia saini makubaliano Mogadishu. Chuki ikabaki. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imeziunganisha nchi hizi na Kenya, ikafa mwaka 1977.

Mwaka 1978 jeshi la Amin lilikuwa linajila lenyewe. Makamu wake, Mustafa Adrisi, aliumia vibaya katika ajali ya gari mwezi Aprili, na askari waliokuwa upande wake hawakuamini kwamba ilikuwa ajali. Kulikuwa na maasi kambini. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Uganda yalivuka mpaka, na siku chache baadaye Amin akatangaza kwamba eneo lote hadi mto ni la Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa kwa baruti. Raia wapatao 1,500 wanakadiriwa kuuawa, na maelfu wengine walikimbilia kusini ya mto. Askari waliporudi nyuma walibeba ng'ombe, mabati, mitambo ya kiwanda cha sukari, redio, baiskeli, vitanda. Naomba ukumbuke orodha hii, maana vitu vya kwenye orodha huwa havina sauti katika vitabu vya historia.

Nyerere alilitangazia taifa kwamba Tanzania ilikuwa na sababu ya kumpiga Amin, ilikuwa na nia, na uwezo ilikuwa nao. Januari 1979 Mutukula ikachukuliwa, ikabomolewa yote. Februari ikawa zamu ya Masaka na Mbarara. Machi, kwenye kinamasi cha Lukaya, walikutana na askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin. Hapo Lukaya, ambapo leo mabasi yanasimama abiria wanunue nyama choma na gonja, Walibya wengi walikufa, vijana walioambiwa wanakuja kutetea ndugu zao Waislamu. Entebbe ikaanguka mwanzoni mwa Aprili, na tarehe 11 Aprili 1979 Oyite-Ojok akatangaza redioni kwamba Kampala imekombolewa. Mapema Juni askari wa Tanzania walikuwa wamefika mpaka wa Sudan. Vita vikaisha. Ni kama miezi saba kwa jumla, muda wa mihula miwili ya chuo na likizo zake.

Wale askari watu wa Kampala waliwaita bakombozi, yaani neno letu wakombozi likavishwa kanzu ya Kiganda. Waliimbiwa na kupigiwa vigelegele. Siku zizo hizo wenyeji wa mji walivunja maduka wakabeba walichoweza, na baadhi ya wakombozi nao hawakurudi kwao mikono mitupu. Nalitaja hili kwa sababu uporaji wa vita hauna bendera. Ulianzia Kyaka ukaja kuishia mitaani kwetu.

Sasa turudi kwenye kauli ya yule dada, kwamba Amin alikuwa mtu wetu. Mkuu wa majeshi ya Tanzania wakati huo alikuwa Jenerali Abdallah Twalipo. Ndiyo, Abdallah. Katika jeshi lililoingia Kampala Waislamu walikuwa wengi, na watu waliochinjiwa ng'ombe zao Kagera walikuwamo Waislamu pia. Nani basi alikuwa anautetea Uislamu pale Lukaya? Amin aliupaka ugomvi wa madaraka rangi ya dini alipohitaji fedha na bunduki za nje, na wapo waliosadiki.

Wala hakuwaacha Waislamu salama. Shaban Nkutu, Muislamu wa Busoga aliyekuwa waziri katika serikali ya Obote, aliuawa Januari 1973. Familia yake ilipata kumzika kwa heshima mwaka 2005. Tukimtaja Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka aliyetoweka mwaka 1972, au Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa Februari 1977, tusiseme hao ni wafu wa wenzetu na sisi tuna wafu wetu. Surat Al-Maida aya ya 8 inatukataza kuacha uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao, sembuse majirani ambao hawajatukosea.

Kwa upande mwingine, ni kweli kwamba tuliumizwa kwa jina lake. Baada ya utawala kuanguka, Waislamu wa sehemu za Bushenyi walivamiwa. Mwezi Juni 1979 makumi waliuawa, wakiwamo wanawake na watoto, nyumba zikachomwa, na waliosalia wakakimbia vijiji vyao. Kule West Nile, nyumbani kwa Amin, watu walivuka kwa maelfu kuingia Sudan na Zaire, na waliobaki au kurudi mapema wakalipiziwa kisasi. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci karibu na Arua waliuawa humo humo. Wengi wa waliokufa Ombaci hawakuwa Waislamu hata kidogo. Kosa lao lilikuwa kuzaliwa upande mmoja na Amin.

Surat Al-An'am aya ya 164 inatufundisha kwamba hakuna nafsi itakayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine. Aya hii tunaisoma sana tukiwajibu wanaotutupia Amin. Na ni haki yetu kuisoma. Ila mimi naona ina ncha mbili, na ile ya pili huwa tunaikwepa. Kama mzigo wa Amin si wangu kwa kuwa mimi ni Muislamu, basi heshima yake pia si yangu kuilinda kwa kuwa yeye alikuwa Muislamu. Huwezi kumkana asubuhi ukihukumiwa kwa ajili yake, na jioni ukamdai kuwa wako. Mtume (SAW) alipofundisha kumsaidia ndugu yako awe dhalimu au mwenye kudhulumiwa, masahaba waliuliza dhalimu anasaidiwaje, akawajibu kwamba ni kwa kumzuia asidhulumu. Hadithi hii imo kwa Bukhari na wote tunaijua, lakini sehemu yake ya pili tunaisoma kwa sauti ndogo.

Matokeo mengine ya vita hivi nitayapitia haraka, ingawa kila moja lingeweza kuwa makala. Uganda ilipata marais kama mechi yenye wachezaji wa akiba wengi: Lule aliapishwa Aprili 1979 akaondolewa Juni, Binaisa akaondolewa Mei 1980, uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Obote, na Februari 1981 Museveni akaanza vita vya msituni vilivyokwisha Januari 1986. Damu ya Luwero inatokana na hapo. Kule Moroto askari wa Amin walikimbia wakaacha ghala la silaha wazi. Wakaramoja walichukua bunduki kwa maelfu, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi. Serikali imekuwa ikikusanya bunduki huko tangu mwaka 2001, na hadi juzi juzi kazi ilikuwa inaendelea. Hapa Nsambya, ukiishi jirani na kambi ya polisi kama sisi, utawajua watoto ambao baba zao wametumikia Karamoja.

Tanzania nayo ililipa. Gharama ya vita hukadiriwa kuwa dola milioni 500 za wakati ule, na mshindi hakupewa fidia. Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, ukame ukaja, na ile miezi 18 ikawa miaka ya foleni za sukari na sabuni. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979, baadhi ya viongozi wa Afrika walimlaumu Nyerere kwa kuingia nchi ya watu, wakati Amin alipoanza hawakuwa na sauti hiyo. Na pale Kaboya, wilaya ya Muleba, wamelala mamia ya askari wa Tanzania. Wengi walikuwa na umri wetu.

Kiswahili nacho kilijeruhiwa. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na ndicho kilichotumika na askari kwenye vizuizi vya barabarani. Kwa hiyo kwa mzazi wa Kampala ikawa lugha ya kuambiwa lete kitambulisho, lala chini. Mama yangu anasimulia kwamba akiwa msichana alikuwa akipanda taksi hafungui mdomo, kwa kuwa Kiganda chake kilikuwa na lafudhi ya Kiswahili, na lafudhi hiyo ilitosha watu wakusogelee mbali. Ilibidi tufike mwaka 2005 kwa katiba kukitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 kwa Baraza la Mawaziri kuamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Haya unayosoma yameandikwa kwa Kiswahili, na mhariri wetu aliniuliza mara mbili kama nina hakika yatapata wasomaji. Sikumlaumu.

Sasa cherehani.

Sisi ni Wanubi wa Bombo. Mwaka 1978 bibi yangu alikuwa na umri wa miaka 20, na kaka yake alikuwa askari. Mwezi Novemba kaka huyo alirudi kwa likizo ya siku mbili akiwa kwenye lori, akamshushia dada yake cherehani ya Singer ya kukanyaga kwa mguu. Bibi hakuuliza imetoka wapi. Anasema hakuwa na haja ya kuuliza, kwa sababu kwenye lori ile ile kulikuwa na mabati yenye matundu ya misumari. Miezi mitano baadaye kaka yake akapotea vitani, na familia ikakimbilia Arua, kisha Sudan, wakaishi Yei. Waliacha nyumba, kuku, na picha za harusi. Cherehani waliibeba. Bibi alishona kanzu na sare za shule kambini kwa miaka saba. Mama yangu alizaliwa huko, akala na kusoma kwa cherehani hiyo. Walirudi mwaka 1986. Nyumba ya Bombo ilikuwa na watu wengine ndani.

Nilipoanza kusoma masomo ya Kiislamu chuoni, mwaka wa kwanza tu, bibi alinisubiri nimalize kula akaniuliza, "Mjukuu wangu, hao maulamaa wenu wanasemaje juu ya kitu cha mtu ulichopewa na mtu mwingine?" Nilidhani anauliza habari za jirani.

Nimetafuta jibu kwa miaka miwili, na huu ndio muhtasari wa niliyoyapata. Kwanza, kile hakikuwa ngawira. Mwanajeshi kuvunja duka la raia ni unyang'anyi, na katika fiqhi huitwa ghasb. Hata ngawira halali ikichukuliwa kwa siri kabla haijagawanywa ni jambo zito. Katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo kwa Bukhari na Muslim, mtumwa mmoja wa Mtume (SAW) aliuawa kwa mshale baada ya Khaybar, watu wakampongeza kwa Pepo. Mtume akawaambia kwamba joho alilojichukulia siku ya Khaybar kabla ya mgao linamwakia moto. Mtu mmoja aliposikia hivyo akaja na ugwe wa kiatu, mmoja au miwili, kuurudisha. Nikisoma hapo huwa namwona yule aliyekuja na ugwe. Pengine alikuwa ameshausahau.

Pili, madhehebu ya Shafi'i, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, yanatofautisha dhambi na dhamana. Mali iliyonyang'anywa ikihama kutoka mkono hadi mkono, kila mkono una dhamana ya kuirudisha, hata kama mwenye mkono hakujua. Asiyejua hana dhambi. Lakini deni analo. Tena kwa Mashafi'i mwenye kunyang'anya anadaiwa na kodi ya muda wote ambao kitu kilitumika, ingawa Mahanafi kwa kawaida hawamdai kodi hiyo. Nilipiga hesabu ya kukodi cherehani kwa miaka arobaini na kitu nikafunga daftari.

Hapa ndipo aya ya mzigo iliponifungukia upya. Dhambi ya kaka wa bibi hairithiwi. Mimi sikuwa Kyaka, mama yangu hakuwa Kyaka, na hakuna mtu anayeweza kunibebesha. Ila kitu chenyewe kipo nyumbani, na kina mwenyewe. Surat An-Nisaa inaweka deni mbele ya mgao wa mirathi, maana yake tulichokuwa tukidhani ni urithi wetu bado hakijawa urithi. Naona hili ndilo linalokosekana tunapozungumza juu ya 1979, sisi na wenzetu pia. Kila upande unatetea kutokuwa na dhambi, nao uko sahihi. Kwenye deni wote tunanyamaza. Nyumba ya Bombo ina deni lake. Wale wa Bushenyi waliochukuliwa mashamba wana madai yao. Na sisi tunadaiwa cherehani moja.

Nilimweleza bibi nusu nusu, kwa woga. Nilimwambia pia kwamba, kwa rai ya maulamaa wengi, mwenyewe au warithi wake wasipopatikana baada ya kutafutwa kwa dhati, thamani yake hutolewa sadaka kwa niaba yao. Nilitaraji atashika hilo la sadaka, kwa kuwa ni rahisi. Akauliza, "Tumeshawatafuta?" Nikanyamaza kama nilivyonyamaza darsani. Tangu siku hiyo hajaikanyaga. Kanzu ya mjomba wangu ilikuwa nusu imeshonwa, akaimalizia kwa mkono.

Wiki mbili baadaye niliyasema haya darsani, cherehani na yote. Yule dada aliyesema Amin ni mtu wetu hakunijibu kitu. Baada ya sala ya Isha alinifuata mpaka kwenye kituo cha boda. Akasema babu yake aliuawa Bushenyi mwaka ule, na kwamba akisikia Amin akitukanwa anasikia kama babu yake anauliwa mara ya pili. Sikulijua hilo. Tulisimama pale hadi boda wawili wakachoka kutungoja. Sikuwa na aya ya kumpa, na sidhani alikuwa anataka aya.

Bibi ameamua twende. In shaa Allah, baada ya mitihani tutapanda basi la Mutukula, tupite Lukaya na Masaka, tuvuke, na kutoka mpakani mpaka Kyaka si mbali. Tutaanzia msikitini, kwa wazee.

Ila kabla ya hapo nawaomba msaada, na hii ndiyo sababu nimekubali kuandika. Miongoni mwa wasomaji wa jarida hili wamo wanafunzi kutoka Kagera, na wengine wenu mna jamaa Kyaka, Bunazi, Minziro au Kasambya. Waulizeni wazee wenu kama palikuwa na fundi wa nguo aliyepoteza cherehani ya Singer ya kukanyaga kwa mguu mwezi Novemba 1978. Ubao wake ni wa rangi ya kahawia, na droo ya kushoto haina mpini. Wanaotangaza kitu kilichookotwa wamefundishwa wasitaje sifa zake zote, ili mwenyewe ajulikane kwa kutaja kilichofichwa, nami nimeona nifuate utaratibu huo huo. Chini ya ubao kuna alama iliyochongwa kwa kisu. Jibu lipelekwe kwa mhariri, naye atanifikishia.